Namna ya kumtembeza mgeni Trafalgar Square

Mgeni kutoka nyumbani akishafika London, haichukui siku mbili kabla hajauliza kuhusu "ule uwanja wenye simba". Wenyeji wengi humshusha pale dakika kumi, akapigwa picha mbili, kisha safari ya madukani Oxford Street ikaendelea. Naona uchungu sana kwa hilo. Mimi ni mtu wa Tanga, makazi yangu Barking, na kwa miaka mingi nilikuwa nasafisha ofisi za mtaa wa Strand usiku. Kazi ikiisha, basi langu la N15 nililisubiri Trafalgar Square, kwa hiyo uwanja ule naujua wakati hauna mtu isipokuwa wafagiaji na sisi wa zamu ya usiku. Ukijua pa kusimama na pa kutazama, ni mahali ambapo historia yetu sisi tuliotoka Afrika Mashariki imo ndani ya mawe na shaba, na mgeni wako anastahili kuiona. Tenga muda wa saa nne, ufuate mpango huu.

Kwanza usafiri. Mkianzia mashariki, chukueni basi namba 15 Poplar au Limehouse, mkae ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa. Usimpitishe mzee kwenye treni za chini ya ardhi kama magoti yake hayamruhusu, maana ngazi ni nyingi. Basi linainama hadi ukingo wa barabara. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014, na kila abiria agonge kadi yake mwenyewe, iwe Oyster, ile kadi ya nauli ya London, au ya benki. Njiani mtapita mbele ya kanisa kuu la St Paul's. Mwambie mgeni palepale kwamba Admirali Nelson, kamanda wa merikebu za kivita za Uingereza, yule atakayemwona juu ya nguzo baada ya robo saa, amezikwa humo. Akifika uwanjani atakuwa tayari ana la kuuliza.

Fikeni saa mbili asubuhi, au saa mbili na nusu kama ni Desemba, kwa sababu mwezi huo jua huchomoza saa mbili. Makundi ya watalii hayajafika, mawe yameoshwa, na mnaweza kusimama popote bila kusukumwa. Jumba la picha la National Gallery hufunguliwa saa nne, kwa hiyo mtatembea nje kwanza, baridi ikianza kuuma vidoleni mtaingia ndani kwenye joto. Mgeni wa mara ya kwanza huwa hajui baridi ya kusimama ilivyo. Mvishe soksi mbili na kofia hata akikataa.

Msianzie kwa simba. Anzieni kusini, kwenye kile kisiwa katikati ya magari alipo mfalme Charles wa Kwanza juu ya farasi. Vukeni kwenye taa. Sanamu hiyo ilitengenezwa na Mfaransa Hubert Le Sueur mwaka 1633, na ni kongwe kuliko kila kitu kingine mtakachokiona hapo. Mfalme huyu alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, mbele ya jumba la Banqueting House, humo humo kwenye barabara ya Whitehall anakotazama farasi wake. Waliomshinda waliiuza sanamu kwa mfua vyuma mmoja aitwaye John Rivet, wakamwamuru aivunje. Yeye akaificha, na ufalme uliporudi sanamu ikarudi pia. Nyuma ya sanamu, sakafuni, kuna bamba la shaba. Mnapoona kibao barabarani kimeandikwa "London maili 60", maili hizo zinahesabiwa mpaka hapo. Msimamishe mgeni juu yake. Wazee hupenda sana kuambiwa kwamba wamesimama kwenye kitovu cha London.

Kutoka hapo geukeni kaskazini. Sasa uwanja wote uko mbele yenu, unapanda taratibu: nguzo, simba, chemchemi mbili, ngazi, na juu kabisa jumba refu la picha lenye kuba dogo. Zamani palikuwa na mazizi ya farasi wa mfalme. Msanifu Charles Barry ndiye aliyepasawazisha, na uwanja ukafunguliwa 1844. Mkitaka picha moja tu ya uwanja mzima, ipigeni hapa.

Halafu mpeleke mgeni chini ya nguzo, upande huu huu wa kusini unaotazama Whitehall, mtulie. Hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Kitako cha nguzo kina picha nne kubwa za shaba, moja kila upande, zilizoyeyushwa kutokana na mizinga waliyotekwa Wafaransa. Kila moja inaeleza vita kimoja cha Nelson: Cape St Vincent, Mto Nile, Copenhagen, na hii ya kusini, Trafalgar yenyewe, vita vya baharini karibu na pwani ya Hispania tarehe 21 Oktoba 1805. Ni kazi ya John Edward Carew. Katikati Nelson amepigwa risasi na anabebwa na watu wake. Watalii wote humtazama yeye. Wewe mwelekeze mgeni macho yake ukingoni kushoto. Kuna baharia Mweusi, kijana, ameshika bunduki. Mtu wa Afrika, au mtoto wa watu waliotolewa Afrika, yumo kwenye mnara mkuu wa ushindi wa Waingereza tangu karne ya kumi na tisa, na mamilioni hupita bila kumwona. Merikebu za kivita za Uingereza wakati ule zilikuwa na mabaharia Weusi wengi, wengine huru, wengine waliotoroka utumwa. Hakuna bamba linalomtaja. Ndiyo maana inabidi mtu amwonyeshe mwenzake.

Mama yangu mkubwa alipokuja kutoka Pangani, alimtazama kimya, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, huyu mtoto ana jina?"

"Hapana mama, hawakuliandika."

"Basi mwombee dua," akasema, akainua mikono yake palepale kwenye kelele za mabasi.

Hilo silisahau, na sasa kila ninayempeleka humpa muda wake mbele ya picha hiyo bila kumharakisha.

Kuhusu nguzo yenyewe, semeni machache. Ilisanifiwa na William Railton, ikajengwa kati ya 1840 na 1843, na ukipima kutoka chini hadi kwenye kofia ya Nelson ni mita 51.6. Sanamu ya juu, kazi ya E. H. Baily, inaonekana ndogo lakini ina mita tano na nusu. Mkono wa kulia haupo; aliupoteza vitani Tenerife mwaka 1797. Simba wanne walichelewa sana, wakawekwa 1867. Mchoraji Edwin Landseer ndiye aliyewabuni, na inasimuliwa kwamba alipewa maiti ya simba kutoka bustani ya wanyama ya London, akawa anaichora huku ikioza chumbani mwake. Watoto watataka kuwapanda. Usiwaruhusu: sheria ndogo za uwanja zinakataza, shaba inateleza ikiwa na umande, na kuanguka kutoka mgongoni kwa simba yule ni kuanguka juu ya jiwe la mtale. Picha ya kusimama kando ya kucha zake inatosha, na inapendeza zaidi.

Sasa geukeni mashariki, mvuke barabara hadi South Africa House, ubalozi wa Afrika Kusini. Jumba hili lilifunguliwa 1933, na msanifu wake, Herbert Baker, ndiye aliyesanifu pia Ikulu ya Nairobi. Mgeni wa Kenya akitazama nguzo zile na mawe yale ataona undugu wenyewe. Kama mna watoto, wape kazi ya kutafuta wanyama wa Afrika waliochongwa ukutani na swala wa dhahabu aliye pembeni, ili nyinyi wakubwa mpate nafasi ya kuzungumza.

Mazungumzo yenyewe yaanze na Mwalimu. Tarehe 26 Juni 1959 Julius Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU na Tanganyika bado haijapata uhuru, alisimama kwenye mkutano Holborn, si mbali na hapa, pamoja na padri Trevor Huddleston, kuwataka Waingereza waache kununua bidhaa za Afrika Kusini. Mkutano ule ulizaa harakati iliyokuja kuitwa Anti-Apartheid Movement, ya kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Miezi minane baadaye, tarehe 28 Februari 1960, umati ulijaa uwanja huu kuanzisha mwezi mzima wa kususia bidhaa hizo. Huddleston mwenyewe mwaka huohuo akaja kwetu, akawa askofu wa Masasi. Wazee wa Mtwara na Lindi wapo wanaomkumbuka. Mgeni wako akiwa wa huko, mwulize yeye akusimulie. Utapata zaidi ya unachotoa.

Kisha mwonyeshe njia ya miguu iliyo mbele ya jumba. Kuanzia tarehe 19 Aprili 1986 kundi la watu lilisimama hapo mchana na usiku, mvua na theluji, likidai Nelson Mandela afunguliwe, na halikuondoka mpaka alipotoka gerezani Februari 1990. Karibu miaka minne juu ya mawe hayo hayo. Mandela alikuja mwenyewe akiwa rais, Julai 1996, akaupungia mkono umati kutoka roshani ya jumba. Akarudi tena uwanjani tarehe 3 Februari 2005, mzee wa miaka 86, akawaambia maelfu waliomzunguka kwamba umaskini, kama utumwa na ubaguzi, umetengenezwa na binadamu na binadamu wanaweza kuuondoa. Nelson mmoja yuko juu ya nguzo na mwingine alisimama chini yake. Mimi namheshimu zaidi yule wa chini, na huwa sioni haya kusema hivyo mbele ya mgeni.

Kabla hamjarudi uwanjani, tazameni upande wa pili, pembe ya kusini-magharibi. Bendera nyeusi, njano na nyekundu yenye korongo katikati ni ya Uganda House, ubalozi wa Uganda. Mganda ukimpeleka atataka kupigwa picha hapo, na ana haki. Jumba lililo magharibi, kando ya uwanja, ni la Kanada.

Pandeni sasa kaskazini, mpite kati ya chemchemi. Ni za Edwin Lutyens, kumbukumbu ya maadmirali Jellicoe na Beatty. Zile za kwanza zilipelekwa Kanada. Msiingie majini hata siku ya joto kali, walinzi wa uwanja watawatoa. Na njiwa msiwalishe. Zamani uwanja ulikuwa umefunikwa na njiwa, wageni wakinunua mtama kwa wachuuzi. Tangu 2003 kuwalisha ni kosa, na mwewe waliofunzwa walitumika kuwafukuza. Mtoto mwenye maandazi mkononi aangaliwe.

Kwenye ngazi kubwa za katikati kuna kitu ambacho hata wakazi wa London hawakijui: vipimo rasmi vya urefu vya Uingereza, inchi, futi, yadi, vimewekwa kwa shaba tangu 1876 ili mwananchi yeyote aje alinganishe rula yake. Vilikuwa ukutani, vikahamishwa ngazi hizi zilipojengwa 2003, mwaka barabara ya mbele ya jumba la picha ilipofungwa ikawa ya waenda kwa miguu. Mjomba wangu, fundi cherehani wa Ngamiani, alitoa utepe wake mfukoni akapima yadi ya serikali. Ilitoka sawa. Alifurahi kuliko alivyofurahia Ikulu ya Mfalme. Mgeni akiwa fundi, seremala au muuza vitambaa, mwambie kabisa asisahau utepe nyumbani.

Kutoka hapo nendeni pembe ya kaskazini-magharibi, kwenye kile kitako cha mawe kinachojulikana kama cha nne. Vingine vitatu vina sanamu zake za kudumu: mfalme George wa Nne juu ya farasi, na majenerali wawili, Napier na Havelock, waliopigania himaya huko India. Hiki cha nne kilijengwa 1841 kwa ajili ya sanamu ya William wa Nne, fedha zikakosekana, kikakaa kitupu zaidi ya miaka 150. Tangu 1999 huwekwa kazi za wasanii wa leo kwa zamu, na siku hizi hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani chungulia kwenye simu ujue kilichopo sasa, ili usiulizwe ukakosa jibu.

Chochote kitakachokuwapo, simulia na vilivyopita. Mwaka 2009 Antony Gormley aliwaweka watu wa kawaida 2,400 juu yake, kila mmoja saa moja, usiku na mchana kwa siku 100. Mwaka 2010 Yinka Shonibare, msanii mwenye asili ya Nigeria, aliweka merikebu ya Nelson ndani ya chupa kubwa, na matanga yake yote yakiwa ya vitenge. Merikebu hiyo sasa iko Greenwich, nje ya jumba la makumbusho ya bahari. Siku nyingine mpeleke mgeni huko. Ila kazi iliyonigusa zaidi ni ya Samson Kambalu wa Malawi, iliyokaa hapo kuanzia 2022 hadi 2024. Ilikuwa sanamu ya mchungaji John Chilembwe, iliyotokana na picha aliyopigwa 1914 akiwa na kofia kichwani mbele ya mmisionari Mzungu, jambo ambalo Mwafrika wa Nyasaland, Malawi ya leo, wakati ule alikatazwa. Kambalu alimfanya Chilembwe mrefu mno, mmisionari akabaki mdogo kando yake. Na Chilembwe anatuhusu. Vita vya 1914 vilipoanza, Waafrika wa Nyasaland walikufa Karonga wakipigana na jeshi la Wajerumani lililotoka Tanganyika. Yeye akauliza hadharani kwa nini watu wake wafe kwa ugomvi usiokuwa wao. Januari 1915 akaongoza maasi, na mwezi uliofuata akauawa. Kuiona kofia ile imeinuliwa juu, hatua chache kutoka kwa majenerali wa himaya, kulinifanya nishuke basi vituo viwili kabla ya kwangu mara nyingi tu ili nipite niitazame.

Mpaka hapa itakuwa saa nne imeshagonga. Ingieni National Gallery. Kiingilio ni bure. Mikoba hukaguliwa mlangoni, kwa hiyo msibebe mizigo mikubwa. Vyoo vipo, lifti ipo, viti vipo. Msijaribu kuona kila kitu, mgeni atachoka na hatakumbuka hata kimoja. Mpeleke kwenye picha moja ambayo hadithi yake tayari anaijua: ile ya mchoraji Turner ya 1839, inayoonyesha merikebu Temeraire ikivutwa na boti dogo jeusi la mvuke kwenda kuvunjwa, jua likitua. Temeraire ilipigana kando ya merikebu ya Nelson siku ile ya Trafalgar. Waulize wahudumu wakuonyeshe chumba chake. Kaeni mbele yake. Ikiwa ni Ijumaa, jumba hufungwa saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili jioni, na jioni ya Ijumaa ndiyo ninayoipendekeza kwa anayefanya kazi mchana.

Chakula kiko kanisa la St Martin-in-the-Fields, pembe ya kaskazini-mashariki. James Gibbs alilimaliza 1726. Mgahawa uko chini ya kanisa, kwenye vyumba vya matofali vilivyokuwa vya kuzikia, na mawe ya makaburi bado yapo sakafuni. Mwambie mgeni mapema, wapo wasiopenda kula juu ya kaburi. Lifti iko kwenye kijumba cha vioo nje. Kanisa hili lina desturi ndefu ya kuwapokea wasio na makazi, na sisi wa zamu ya usiku tuliwajua wengi wao kwa sura. Ukibakiwa na sarafu, sanduku la sadaka liko hapo. Asiyetaka gharama abebe chapati na chai ya chupa, akae ngazini, hakuna atakayemfukuza.

Misimu ina mambo yake. Baada ya Idi-el-Fitri uwanja huwa na sherehe kubwa, wanafamilia wetu wengi huja na kanzu na madira. Desemba kuna mti wa Krismasi ambao watu wa Norway wameuleta kila mwaka tangu 1947 kushukuru kwa msaada wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni mti mrefu mwembamba, taa zake zimepangwa kwa mistari ya wima, na wageni wengine huona haujapambwa vya kutosha mpaka waelezwe ni desturi ya Norway. Na karibu wikiendi yoyote mnaweza kukuta maandamano. Uwanja umekuwa wa kudai haki tangu zamani, na tarehe 13 Novemba 1887 polisi na askari waliwapiga waandamanaji hapa vibaya. Mkiwa na mzee au mtoto, simameni juu kwenye ngazi za kaskazini, msikilize, muwe na njia ya kuondokea.

Mkiwa bado na nguvu, piteni chini ya tao la Admiralty Arch mfuate barabara ya The Mall. Mwendo wa polepole wa robo saa hivi utawafikisha Lancaster House, walikoketi viongozi wa Kenya, Uganda na Zanzibar kujadili katiba na uhuru wao mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huingii ndani, lakini unaweza kuliona kutoka nje.

Kurudi, vituo vya mabasi vimetawanyika pande zote za uwanja na kila kimoja kina herufi juu ya nguzo yake. Angalia herufi ya basi lenu kwenye ramani ya kituo kabla ya kuvuka barabara, na usiku tafuta namba inayoanza na N.